Tulipima Wiki ya Mbalamwezi

Rumonge, alasiri

Keza mwanangu,

Umekwenda Minago kumuaga bibi yako, na ninavyomjua, hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa kwa ile kamba ya bluu kwa sababu zipu imekataa, na mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na daftari la lise ninakofundisha, nimechana kurasa za katikati. Wanafunzi wangu wakisikia kwamba madame wa hesabu anachana daftari, watanicheka mpaka mwisho wa mwaka.

Sitakuandikia mambo ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kuwaogopa. Una miaka ishirini na mitatu, umesoma Bujumbura peke yako na hujafa. Kigoma nako si ugenini kwangu. Utoto wangu niliumalizia upande ule, kambini tulikokimbilia vita, na Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata kule kwa walimu waliokuwa na fimbo. Utakula, utalala, utapata marafiki. Leo nimechoka, mwanangu, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuhubiri. Nataka tu kujibu swali lako.

Uliniuliza Jumapili iliyopita, tukila ugali wa muhogo na ndagala, ambazo Kigoma utasikia wakiziita dagaa. Ulisema, "Mama, kazi yangu ya kwanza ni kuchagua injini ya SQL. Ni data za maboti ya ziwa zima, kila boti na kidude chake kinachotuma mahali lilipo. Wamenipa majina matatu, Hive, Spark na Trino. Wewe ungechagua ipi?" Uso wako ulikuwa unang'aa. Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniuliza kitu kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, na mimi nilifurahi kweli. Halafu nikakuuliza mkubwa wako ni nani huko. Ukasema, "Anaitwa Évariste. Ni Mrundi wetu, mtu wa Bururi. Mpole kweli."

Nikasimama, nikabeba sufuria yenye chakula bado, nikaenda kuiosha. Nikakuambia, "Utaona hukohuko." Tangu siku hiyo umeniuliza tena mara mbili, na mara mbili nikapata kitu cha kuosha. Sufuria zetu hazijawahi kuwa safi namna hii.

Évariste huyo ninamjua. Nilikuwa mkubwa wake kazini miaka mitatu, Bujumbura, kwenye ule mradi wa ziwa ambao nilikuambia niliuacha kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima, Keza. Niliacha kwa aibu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, unakaa na bibi yako, mimi narudi mwisho wa wiki na mikate. Ulikuwa unajua kwamba mama anafanya kazi ya kompyuta, basi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi ulikuwa umefunga vidude kwenye maboti ya uvuvi ya pwani yetu, kuanzia Bujumbura mpaka Nyanza-Lac. Boti likiwa majini, kila baada ya sekunde chache kidude kinatuma mstari mmoja: mimi ni boti fulani, niko hapa, ni saa fulani. Kwa boti moja si kitu. Kwa maboti yote, usiku wote, miezi yote, mistari inakuwa mabilioni, na kompyuta moja haiwezi kuimeza. Ndiyo maana tulikuwa na mashine kumi na mbili zinazogawana kazi, na juu yake injini ya kupokea swali la SQL, lugha ya kuulizia data, kulipasua vipande, kuzipa mashine, na kukusanya majibu.

Swali letu kubwa lilikuwa moja. Kila asubuhi, saa moja, tulitakiwa kutoa orodha ya maboti ambayo hayajarudi. Swali lenyewe rahisi kulisema, gumu kulijibu, kwa sababu unajua watu wetu: leo anavulia Minago, kesho amesikia bei nzuri Gatete anashukia huko, kesho kutwa yuko Nyanza-Lac kwa shemeji yake. Ili ujue boti limepotea, lazima kwanza ujue linapenda kulala wapi, na ili ujue hilo, lazima uchukue mistari ya usiku wa jana uiunganishe na mistari ya miezi mingi ya nyuma. Muungano mkubwa kabisa. Orodha ikitoka, inapigiwa simu kila mwalo, kila mahali maboti yanaposhukia, na boti la doria linaondoka na mahali pa kuanzia kutafuta.

Zamani, boti lisiporudi, wake na ndugu walikuwa wanaulizana wenyewe mwalo kwa mwalo, kwa baiskeli, kwa pikipiki. Sisi tukaenda kwenye mikutano tukawaambia, acheni kuhangaika, subirini orodha. Nilisimama mimi mwenyewe pale Gatete nikawaambia hivyo, na wakanipigia makofi.

Basi mkubwa wetu akataka tuchague injini mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Tukabaki na mbili. Moja ilikuwa ya haraka. Ilikuwa inaweka kila kitu kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, mashine zinarushiana vipande bila kuandika chochote kwenye diski, na jibu linatoka kabla hujamaliza chai. Ubaya wake, mashine moja ikizidiwa, swali zima linakufa na unaanza upya kutoka sifuri. Ya pili ilikuwa ya polepole. Kila hatua inaiandika kwenye diski kwanza, ndipo inaendelea. Inachosha kuisubiri, lakini mashine ikianguka, nyingine inaokota pale ilipoishia. Fikiria wamama wawili wanaobeba mawese kutoka Minago kuja sokoni: mmoja anakimbia na beseni kichwani bila kutua, mwingine anatua kila kilima na kumimina kwenye bido, dumu la plastiki. Siku barabara ni kavu, wa kwanza anakushinda mbali.

Évariste ndiye aliyekuwa anaziendesha mashine. Alikuwa kijana wa mlimani, hajawahi kuonja maji ya ziwa, na alikuwa anakuja biro, yaani ofisini, kwa baiskeli na suruali ameifunga kwa mpira kwenye kifundo cha mguu. Yeye alitaka ile ya polepole. Aliniambia kwa adabu, "Madame, hii ya haraka ni nzuri kwa mtu mwenye kuuliza na kungojea. Lakini orodha ni kazi ya kila siku, haitakiwi kufa." Mimi nikamjibu mbele ya wote, "Évariste, weye na baiskeli yako! Watu wameshapanda gari." Wakacheka. Tangu siku hiyo injini ile ikaitwa baiskeli ya Évariste, na kila akiitaja, mtu anapiga kengele kwa mdomo, kiring kiring. Mimi pia nilipiga. Ninakuambia hili kwa sababu linaniuma kuliko mambo mengine makubwa. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini tende zikaota mguuni kwa mtu mwingine.

Tukafanya majaribio wiki nzima. Ya haraka ilimaliza orodha kwa dakika nne. Ya polepole, saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Dakika nne, Keza! Nilipiga picha ile skrini. Siku ya tatu Évariste akaja mezani kwangu, amesimama kama mtu anayeomba ruhusa, akasema, "Madame, mafaili iko midogo sana wiki hii. Ni kawaida?" Nikamwambia, "Shukuru Mungu. Mashine zinapumua."

Sasa sikiliza. Mimi ni binti wa mvuvi wa Minago. Babu yako hakuhitaji kalenda. Mwezi ukianza kujaa, anatundika nyavu, anashona palipotoboka, anagombana na bibi yako kwa kukosa kazi. Ndagala hufuata taa, na mwezi ukiwaka juu ya ziwa, taa ya mvuvi si kitu, kwa hiyo maboti yanalala mchangani mpaka giza lirudi. Mtoto yeyote wa pwani hii anajua. Nilijua kabla sijajua kusoma. Na wiki tuliyofanya majaribio ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Maboti yalikuwa yamelala, vidude vimenyamaza, mafaili matupu. Nilipima gari kwenye barabara isiyo na mtu. Mtu wa mlimani akaniuliza, na binti wa mvuvi akamwambia ashukuru Mungu.

Sikuwa mjinga. Ningekuwa mjinga ningelala vizuri. Nilitaka dakika nne ziwe kweli, basi nikaacha kufikiri.

Rapo, ripoti ya majaribio, ikaandikwa. Biro yetu ilikuwa na desturi: anayeendesha majaribio ndiye anayetia sahihi chini ya rapo, na mkubwa anaandika "vu" pembeni, maana yake nimeona, hakuna zaidi. Hitimisho niliandika mimi, neno kwa neno. Évariste alilisoma, akatia sahihi. Mdogo angekataaje?

Giza likarudi. Siku za mwanzo orodha ilichelewa kidogo, nikasema itazoea. Halafu ikaja asubuhi moja ambayo usiku wake pwani yote ilikuwa imeingia majini, kila mwenye boti, kwa sababu ndagala zilikuwa zimejaa. Na karibu na alfajiri upepo ukashuka kutoka milimani.

Saa moja kasoro simu yangu ikaita. Évariste. "Madame, swali limekufa. RAM imejaa. Nimerudia, limekufa tena. Baiskeli iko tayari, niliiacha tayari tangu zamani. Nianzishe? Saa tatu tutakuwa na orodha." Alisema baiskeli, mwanangu. Alikuwa amekubali na jina, mradi kazi ifanyike.

Na mimi, nikiwa nimesimama na mswaki mkononi, nikamwambia, "Usinitie aibu na baiskeli yako. Rudia." Akasema, "Ndiyo, madame." Akarudia. Likafa. Akarudia. Nilifika biro saa tatu, nikakaa kwenye kiti chake nikarudia mwenyewe, nikipunguza hiki, nikibadilisha kile, na kila mara ninaona asilimia inapanda, tisini, tisini na tano, halafu sifuri. Saa nne na nusu nikamwambia bila kumwangalia, "Anzisha yako." Orodha ikatoka saa saba kasoro mchana. Ilikuwa na boti moja tu.

Boti lilikuwa la Gatete, lina watu wawili. Lilipinduka alfajiri. Mmoja, ambaye watu wa doria walimkuta hai, alikuwa amekumbatia bido tupu la mawese. Mwenzake aliitwa Selemani. Walikuwa wameshikilia bido pamoja tangu alfajiri, wakisemezana, na yule aliyepona alisema Selemani aliachia jua likiwa karibu na utosi. Saa tano, saa tano na nusu. Mahali pao pa mwisho palikuwa kwenye mafaili yetu tangu kabla ya mapambazuko. Mke wake alikuwa mwaloni, ametulia, kwa sababu orodha haijatoka.

Ukifanya hesabu utaona. Saa tatu orodha ingetoka, na kutoka Rumonge, boti la doria linapolala, mpaka pale si mbali. Usiifanye mbele yangu tu. Mimi nimeshaifanya mara nyingi mno.

Kukawa na mkutano. Mkubwa akaweka rapo mezani akauliza, "Nani alichagua injini hii?" Sahihi ilikuwa ya Évariste. Akauliza tena, "Na asubuhi ile nani alikuwa kwenye mashine?" Évariste akasema, "Ni mimi." Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke mlango kwanza. Nikaangalia karatasi zangu. Nilikuwa na wewe wa kulipia shule, nilikuwa na bibi yako, nilikuwa mwanamke pekee kwenye meza ile, sababu ninazo kikapu kizima. Hakuna aliyejua habari ya ile simu isipokuwa yeye na mimi, na yeye hakuisema. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Nilimkuta kwenye ngazi na katoni yake. Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Évariste, pole." Akanijibu, "Ni mwezi, madame. Nimeuliza wavuvi. Tulisahau mwezi." Akasema tulisahau, sisi wawili. Halafu akaniaga kwa amani, amahoro, akafunga katoni nyuma ya baiskeli akaenda. Baada ya miezi sita mimi nikawa na mgongo.

Watu wanapenda kusema yaliyopita si ndwele. Labda kwao. Yangu ni ndwele, na imelala humu ndani miaka tisa.

Uliponitajia jina lake, unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri, afadhali sisi Warundi mtoto habebi jina la mzazi. Keza ana jina lake, mimi nina langu, hatajua. Nilitaka kukuambia, ukiulizwa mama yako ni nani, sema ni mwalimu wa Rumonge, ishia hapo. Si uongo. Siku mbili nilikuwa naipanga sentensi hiyo. Niliogopa akijua atakutazama kwa jicho jingine, na kazi hii umeitafuta muda mrefu. Halafu nikakumbuka kwamba kwenye kitambulisho chetu majina ya baba na mama yameandikwa wazi, na wewe ulituma kopi. Kwa hiyo huenda anajua tayari. Huenda amekuchukua akijua. Sijui lipi linanitisha zaidi.

Sasa jibu lako, kabla sijachoka kabisa.

Usianze kwa kuuliza ipi ni haraka. Zote tatu ni nzuri, na ile ya kwetu haikukosea, ilifanya vilevile ilivyotengenezwa kufanya, mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake. Uliza ikianguka inaangukaje, na nani anasubiri jibu wakati imeanguka. Kwa orodha ya asubuhi, mimi ningechukua Spark. RAM ikijaa inamwaga kwenye diski, mashine ikifa inarudia kipande chake tu. Kwa wakubwa waliokaa ofisini wanataka kuuliza hiki na kile na kuona jibu hapohapo, wape Trino, watakupenda. Wanasema siku hizi hata Trino wameifundisha kurudia kipande kilichoanguka, ukiiwasha hivyo, lakini usiniamini mimi wala wao, ijaribu kwa mkono wako: izimie mashine moja katikati ya kazi uone. Hive ni bibi mzee, mvumilivu, usimcheke, lakini sidhani kama utamhitaji sana. Na mafaili yawe yaleyale mamoja, kwa muundo ambao zote zinasoma, ili siku ukikosea uweze kubadilisha bila kuhama nyumba. Mimi nilifikiri lazima nichague moja na nimshinde mtu. Hakuna aliyenilazimisha.

Pima siku za giza. Pima usiku ambao pwani za nchi zote nne za ziwa ziko majini, halafu zidisha. Faili likiwa dogo, usishukuru Mungu kabla hujauliza kwa nini. Na anayeendesha mashine akija mezani kwako amesimama namna ile, mpe kiti.

Rapo utakayoandika, tia sahihi mwenyewe.

Nilikuwa nimeishia hapo, Keza. Nilitaka kuikunja barua na kuitia kwenye begi lako, uisome ukifika, mbali na uso wangu. Lakini kuna jambo la leo asubuhi.

Nilikwenda sokoni. Mjane wa Selemani unamjua bila kujua: ni Mama Hamisi, yule anayeuza ndagala kavu upande wa stendi, ambaye siku zote anakuongezea kiganja kimoja na wewe unasema anakupenda sana. Hakujua kwa nini mimi siombi kupunguziwa bei kwake. Leo nilikaa kwenye kiti chake cha mbao nikamwambia yote, pamoja na simu, pamoja na mswaki. Nilidhani atapiga kelele. Aliendelea kuchagua ndagala, anatoa mchanga, anatoa vijiti. Mteja akaja, akamhudumia, akamshukuru, murakoze. Halafu akaniambia, "Weye umechelewa sana, Mama Keza."

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote mimi najua ni yule bwana wa mashine. Nimemlaani kwenye sala zangu, jina lake kabisa, Évariste. Kumbe nalaani mutu bure." Akatupa kijiti pembeni. "Na yeye iko wapi?"

Nikamwambia yuko Kigoma.

"Anajua kama umenieleza?"

Nikasema hajui.

"Basi mimi sina la kukujibu leo," akasema. "Sijui kama nitakusamehe, usiniulize. Nenda kwanza kwake, umwambie mke wa Selemani amefuta laana. Utarudi hapa, kiti hiki kiko." Akafunga ndagala kwenye karatasi, akaniongezea kiganja kimoja, kama kawaida. Ndagala hizo ndizo ulizozikuta mezani mchana, ukaniuliza kwa nini sili.

Nimeandika karatasi ya pili, fupi, kwa Kifaransa cha biro, inayosema nani alichagua, wiki gani tulipima, na simu ya saa moja kasoro ilisema nini. Hakuna "vu" pembeni. Sahihi ni moja, yangu. Nakala moja ni ya mkubwa wetu wa zamani, nimeshaituma. Ya pili ni ya Évariste.

Nilifikiri kukupa wewe umpelekee, pamoja na maneno ya Mama Hamisi. Nikajiona: miaka tisa iliyopita nilimwachia mtu mwingine abebe karatasi yangu, na sasa nataka kumbebesha mtoto wangu. Hapana.

Kwa hiyo barua hii haitaingia kwenye begi. Nitakupa mkononi kesho asubuhi, basi likishapita Nyanza-Lac, na wewe utaisoma kabla hatujafika mpakani Mugina. Mimi nitakuwa nimeangalia dirishani. Usiharakishe. Ukimaliza, kama utaona vigumu kukaa karibu nami, kuna viti vya mbele, hamia, sitakuuliza. Kama hutaki mkubwa wako akuone siku ya kwanza ukiingia na mimi, sema, nitalala kwa watu wa kanisa ninaowajua na nitaingia kesho yake peke yangu. Hiyo ni juu yako. Kuingia kwangu si juu yako, kwa hiyo usijisumbue kunibembeleza nirudi.

Nasikia pikipiki imesimama nje, na sauti yako unagombana na dereva juu ya chenji. Utaingia uniulize kama nimekukatia tiketi. Nimekata. Ziko chini ya bakuli la chumvi, na ni mbili.

Mama yako